Kolwezi: Siku ya pudra na benchi zilizobaki wazi

KOLWEZI – Siku matokeo ya mtihani wa serikali, Exetat, yanapotoka, hakuna haja ya kuuliza nani amefaulu. Inatosha kutazama vichwa. Vijana wanapita barabarani wakiwa weupe kutoka nywele hadi viatu, wamemwagiwa pudra na ndugu, jirani na wenzao wa darasa. Shati jeupe la shule limeandikwa majina kwa kalamu, mbele na mgongoni. Pikipiki zinapiga honi. Mama anacheza mbele ya mlango, na majirani ambao hawakuwa na habari wanaipata kwa kelele tu.

Siku hizi simu ndiyo inayoleta habari. Mwanafunzi anatuma kodi yake kwa ujumbe mfupi, anakatwa yuniti, na jibu linarudi likiwa na asilimia. Aliyepata 50 anapiga kelele sawa na aliyepata 75. Zamani familia nzima ilikaa karibu na redio, kila mtu akinyamaza, kusubiri shule yao isomwe na kusikia kama jina la mtoto limo.

Jioni, pudra inapooshwa, mazungumzo yanabadilika. Wahitimu wanaanza kuhesabu. Tulianza wangapi? Tumemaliza wangapi? Fulani aliyekuwa anakaa karibu na dirisha, yule hodari wa hesabu, alikwenda wapi?

Katika mji huu, ambao ni makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa katika majimbo manne mwaka 2015, maswali hayo yana uzito wake. Hapa shule haishindani na uvivu peke yake. Inashindana na feza inayopatikana siku hiyohiyo, nyuma ya ukuta, chini ya ardhi.

Miaka sita na siku nne

Sekondari ya Congo ni miaka sita. Leo miwili ya kwanza inaitwa ya saba na ya nane ya elimu ya msingi, kisha inafuata miaka minne ya humanités, ambamo kila mmoja anachagua njia yake: pedagojia, kemia na biolojia, biashara, umeme, makanika, ushonaji na nyingine. Lakini watu wazima wengi bado wanahesabu kwa mtindo wa zamani, na mwenye diploma wanamwita bado "D6".

Safari yote hiyo inapimwa kwa kazi chache. Kwanza kuna hors-session, yenye dissertation ya Kifaransa na mitihani ya vitendo. Kisha kuna session ya kawaida ya siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya option. Nchi nzima inafanya siku moja, kutoka Kinshasa hadi Bukavu. Mfinalisti anaamka usiku, anapiga pasi sare ya bluu na nyeupe, anakwenda katika kituo ambacho si shule yake, mbele ya wasimamizi asiowajua.

Lakini ukiwasikiliza wahitimu, hizo siku nne si ndizo zinazorudi sana katika kumbukumbu. Kinachorudi ni mambo madogo. Geti linalofungwa asubuhi, na waliochelewa wanaofagia uwanja mbele ya directeur de discipline. Interro ya ghafla siku ya kwanza ya wiki. Kitabu kimoja kwa watu watatu, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakiandika. Mwalimu anayeandika ubao mzima kwa sababu hakuna mwanafunzi mwenye kitabu. Na vumbi jekundu la kiangazi linaloingia darasani kila lori la madini linapopita.

Kuna pia ile kumbukumbu ambayo karibu kila mwanafunzi wa Congo anayo: siku ya kufukuzwa kwa ajili ya minervale. Mtu anaingia na orodha mkononi. Anasoma majina. Wanaoitwa wanakusanya daftari na kutoka, wengine wakicheka ili wasionekane wamehuzunika. Aliyekuwa na rafiki wa kweli alijua siku hiyo, kwani rafiki ndiye aliyemletea masomo nyumbani jioni ili aandike.

Usiku kulikuwa na tatizo la mwanga. Kolwezi imezungukwa na umeme. Karibu na mji, mto Lualaba una mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilika mstari mkubwa unaoleta umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, mwendo wa kilometa 1,700 hivi. Umeme huo ulitakiwa hasa kwa ajili ya migodi. Katika kata nyingi, wafinalisti wamejifunza kwa mshumaa, kwa tochi ya simu, au chini ya taa ya jirani mwenye sola.

Wakati diploma ilikuwa na njia yake

Ili kuelewa kwa nini wazee wa Kolwezi wanalia siku ya pudra, lazima kurudi mwaka 1967. Mwaka huo mambo mawili yalianza. Nchi iliweka mtihani mmoja wa serikali kwa wanafunzi wote wanaomaliza sekondari. Na mwanzoni mwa mwaka huohuo, Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji, ilitaifishwa, ikawa baadaye Gécamines.

Kwa zaidi ya miaka 20, mambo hayo mawili yalikwenda pamoja katika mji huu. Gécamines haikuwa mwajiri tu. Ilikuwa na nyumba, hospitali, mgao wa unga na shule za watoto wa wafanyakazi katika kambi zake. Mtoto wa Musonoie au wa Luilu aliona mbele yake njia iliyonyooka: shule ya kampuni, diploma, kisha kazi katika kampuni, au chuo kikuu Lubumbashi na kurudi akiwa injinia. Mwaka 1986 kampuni ilitoa karibu tani 475,000 za shaba. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba.

Hata hivyo, kizazi hicho pia kinajua benchi zilizobaki wazi. Tarehe 13 Mei 1978, wiki chache kabla ya mwisho wa mwaka wa masomo, wapiganaji wa FNLC kutoka Angola waliingia Kolwezi. Siku sita baadaye, tarehe 19 Mei, wanajeshi wa Ufaransa waliruka kwa parashuti juu ya mji. Mamia ya watu walikufa, Wacongo na wazungu. Familia zilikimbilia porini, na walimu wengi wa kigeni waliondoka nchini. Waliokuwa wanafunzi wakati huo wana umri wa kuwa na wajukuu leo, na bado wanaweza kukutajia nani alikaa wapi darasani kabla ya Mei ile.

Wakati wazazi walianza kulipa walimu

Kizazi kilichofuata kilipata shule nyingine kabisa. Septemba 1990, sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, moyo wa Gécamines, ilibomoka. Mwaka 1991 ulikuja uporaji. Mwaka 1994 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Njia iliyonyooka ilikatika.

Halafu yakaja mambo ya 1992 na 1993, ambayo wengi bado wanayasema kwa sauti ya chini. Familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Likasi na Kolwezi, maelfu na maelfu ya watu walilala kwenye vituo vya treni, wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka katika nchi ambayo watoto wao wengi hawakuwahi kuiona. Watoto hao walizaliwa hapa, walicheza mpira hapa, walizungumza Kiswahili cha hapa. Asubuhi mwalimu aliita majina na hakuna aliyejibu. Hapo darasa lilijifunza jambo ambalo halikuandikwa ubaoni: mtu anaweza kuwa rafiki yako miaka mitano, na siasa ya wakubwa ikamwondoa kwa wiki moja. Waliobaki na walioondoka wametafutana baadaye kwa simu, na wengi wamepatana.

Ni wakati huohuo ambapo mshahara wa mwalimu wa serikali ulipoteza thamani na wazazi wakaanza kulipa "prime" ili madarasa yasifungwe. Lilikuwa suluhisho la muda, likakaa karibu miaka 30. Mwalimu alikula kutokana na mfuko wa mzazi, na mzazi mwenyewe alikuwa anasubiri mishahara ya miezi mingi ambayo Gécamines haikulipa. Mwaka 2003, kwa msaada wa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni walipewa malipo ya mwisho na kuondoka kwa kile kilichoitwa "kuondoka kwa hiari". Nyumba nyingi za Kolwezi zina baba au babu aliyekuwa katika orodha hiyo. Wengine walitumia feza hiyo kumaliza shule ya watoto. Kwa wengine iliisha kabla ya mtoto kufika mwaka wa sita.

Shimo lililo nyuma ya shule

Kizazi cha leo kimekulia katika mji uliojaa kazi tena, lakini si kazi ileile. Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika ukanda huu. Makampuni makubwa kutoka China, Uswisi, Canada na kwingineko yana migodi kuzunguka mji. Kamoa-Kakula, magharibi ya Kolwezi, ilianza kutoa shaba mwaka 2021. Pembeni ya migodi hiyo, na mara nyingine ndani yake bila ruhusa, wako wachimbaji wa mikono, wale wanaoitwa creuseurs.

Mwaka 2014, katika kata ya Kasulo, kobalti ilipatikana chini ya viwanja vya watu. Habari ilienea haraka. Watu walichimba uani, jikoni, ndani ya vyumba. Kwa mwanafunzi wa miaka 15 aliyefukuzwa shule kwa ajili ya minervale, hesabu ilikuwa rahisi: mfuko mmoja wa mawe unaweza kulipa deni lote la shule. Wengi walikwenda kwa wiki moja tu, ili walipe na kurudi. Baadhi walirudi. Wengine walizoea feza ya kila siku, na mwaka uliofuata hawakujiandikisha tena.

Mwaka huohuo wa 2014, shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto karibu 40,000 walikuwa wanafanya kazi katika migodi ya kusini mwa Katanga. Wavulana walibeba na kuchimba. Wasichana waliosha na kuchagua mawe mtoni. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 ilipeleka habari hizo hadi kwa makampuni ya simu na magari duniani. Sheria ya nchi iko wazi: mgodi si mahali pa mtoto, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kuchimba. Lakini mtoto haondoki mgodini kwa sheria peke yake kama mlango wa shule umefungwa kwa ajili ya feza.

Wahitimu wa hapa wanajua pia kwamba kuna benchi ambazo mwenyewe hatarudi tena. Mwishoni mwa Juni 2019, wakati mwaka wa masomo ukifika ukingoni, udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV na kuua wachimbaji zaidi ya 30. Novemba 2025, watu wasiopungua 32 walikufa Kalando, kwa mujibu wa viongozi wa jimbo, daraja la muda lilipoanguka chini ya umati. Kila ajali ya namna hiyo, simu zinapigwa kati ya wenzao wa darasa kuulizana nani alikuwa huko.

Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ni ya bure, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinavyosema. Hatua hiyo imerudisha watoto wengi darasani. Lakini bure hiyo haikufika humanités. Mtoto anayeingia katika umri ambao mgodi unamtaka ndiye pia ambaye shule inaanza kumdai. Ndiyo maana benchi nyingi zinabaki wazi katikati ya sekondari, wala si mwanzoni.

Kwa wasichana kuna sababu nyingine zinazojulikana: mimba, ndoa ya mapema, au familia inayochagua kulipia kaka kwanza feza zinapopungua. Msichana anayemwagiwa pudra Kolwezi mara nyingi amepita vizuizi viwili, cha feza na cha watu waliomwambia inatosha.

Wafinalisti wa 2020 wana kumbukumbu yao ya peke yake. Shule zote zilifungwa Machi kwa ajili ya Covid-19, na madarasa ya mwisho yalirudi tarehe 10 Agosti. Miezi karibu mitano bila mwalimu, mgodi ukiwa haujafungwa. Waliorudi Agosti hiyo hawakuwa na hotuba ya kueleza maana ya shule. Walirudi tu, wakakaa, wakafungua daftari.

Baada ya pudra

Diploma ya leo haitoi kazi peke yake, na vijana wanalijua jambo hilo kuliko wazazi wao. Makampuni yanaajiri sana kupitia sous-traitance, ambayo sheria ya Februari 2017 ilitaka iwe mikononi mwa makampuni yenye mtaji wa Wacongo. Kwa hiyo mhitimu anatembea na faili lake kutoka ofisi moja hadi nyingine, akiwa na cheti, barua na karatasi ya ONEM. Mara nyingi diploma yenyewe inachelewa miaka kufika kutoka Kinshasa, na anayesubiri anaendelea kuonyesha attestation tu.

Lakini tofauti inaonekana pale kazi inapopatikana. Fundi umeme, mchomeleaji mwenye cheti, mpimaji ardhi, mtu wa maabara, mwalimu, muuguzi: kwa kawaida wanapita sekondari au option ya ufundi. Chuo Kikuu cha Kolwezi, ISTA na ISP viko mjini hapa. Lubumbashi na chuo chake kikuu, UNILU, iko mwendo wa kilometa 300 hivi. Shimo linaweza kumpa mtu feza nyingi leo, lakini bei ya kobalti ikianguka, kama ilivyoanguka mara kadhaa, mchimbaji hana la kuonyesha kwa miaka aliyotumia. Aliyekaa darasani ana karatasi inayobaki na jina lake.

Zaidi ya karatasi, wahitimu wanataja mambo ambayo hayapewi asilimia. Kujua kuandika barua bila kumlipa mtu. Kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, jambo la maana katika mji ambako familia nzima zimehamishwa kwa ajili ya migodi na kutakiwa kusaini karatasi za Kifaransa. Kutunza risiti. Kumaliza jambo lililoanza, hata kama wengine wameacha.

Mlango ambao haujafungwa

Kuna jambo moja ambalo wahitimu wa mwaka wowote wanaweza kuwaambia wenzao walioacha, na ambalo wengi hawalijui. Exetat haiko kwa wanafunzi wa darasani tu. Serikali inapokea pia autodidactes, yaani watu waliojifunza wenyewe. Wanafanya kwanza mtihani wa awali, na wakifaulu wanakaa na wengine katika session. Mchimbaji aliyeacha mwaka wa tano, mama aliyeacha kwa mimba, fundi mwenye miaka 30: wote wana haki ya kujaribu.

Si njia rahisi. Inataka daftari, muda wa jioni, ada ya ushiriki, na mtu wa kueleza yale yaliyosahaulika. Hapo ndipo wenzao wa zamani wanafaa. Aliyepata diploma mwaka huu bado anakumbuka masomo, bado ana daftari zake, na likizo kabla ya chuo ni ndefu. Daftari hizo, ambazo wengi huzichoma au kuzitumia kufungia karanga, ndizo kitabu pekee ambacho mwenzake angeweza kupata.

Katika vikundi vya WhatsApp vya promotion, majina ya walioacha mara nyingi bado yamo. Hawaandiki sana. Siku ya matokeo wanatuma pongezi, mara nyingine na kitu kidogo cha kununulia vinywaji, maana wao ndio wenye feza siku hiyo. Kesho yake asubuhi, shati lenye majina linaanikwa kwenye kamba, maandishi yakiwa yamefifia kidogo kwa sabuni. Jina la aliyekaa karibu na dirisha halimo kwenye shati hilo. Namba yake ya simu bado iko.